Mjumbe Hauawi, Hata Barua Yake Ikisomwa Njiani

Wengi hulitamka neno hili kama ombi la huruma: msinikasirikie mimi, nimetumwa tu. Lakini "mjumbe hauawi" haikutungwa kwa ajili ya huruma. Ilitungwa kwa sababu wakubwa wanaogombana bado wanahitaji mtu wa kupita katikati yao, na akichinjwa huyo, kinachobaki ni panga. Waliosoma sira wanawakumbuka wajumbe wa Musailima, aliyedai utume. Walikiri imani ya bwana wao mbele ya Mtume Muhammad, wakaambiwa kwamba lau si desturi ya kutoua wajumbe, wangekatwa shingo. Wakarudi kwao wazima. Sultani wa Khwarazm hakuwa na subira hiyo. Mwaka 1218 alimuua mjumbe wa Genghis Khan. Mwaka uliofuata Wamongolia waliingia nchini mwake, na dola yake ikasambaratika.

Mjumbe wa zamani, hata hivyo, lawama zake zilitokana na maneno aliyoyapeleka. Balozi wa leo huponzwa zaidi na yale anayoyarudisha nyumbani. Ni kama mshenga: ukweni anaongea kwa adabu, anasifu chai na maandazi, lakini akirudi kwa waliomtuma hana budi kuwaambia kwamba baba mkwe ni mkali na mahari itapanda. Mshenga anayeficha hayo hafai kutumwa tena. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema hivyo hivyo kwa lugha ya sheria. Ibara ya 3 inataja miongoni mwa kazi za ubalozi kuchunguza hali ya nchi mwenyeji kwa njia halali na kuiripoti kwa serikali iliyomtuma balozi.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Kim Darroch, balozi wa Uingereza mjini Washington tangu 2016. Katika ripoti zake za siri aliielezea serikali ya Donald Trump kuwa haina uwezo na haina mpangilio. Julai 2019 ripoti hizo zilivuja na kuchapishwa na gazeti la Mail on Sunday. Trump akafoka Twitter kwamba hatashughulika naye tena. Waziri Mkuu Theresa May alimtetea balozi wake, lakini May mwenyewe alikuwa anafungasha virago. Macho yote yakawa kwa Boris Johnson, aliyekuwa akiwania kiti chake. Kwenye mdahalo wa televisheni wa Julai 9, mpinzani wake Jeremy Hunt alisema atambakiza Darroch. Johnson aliulizwa tena na tena, akakwepa. Kesho yake Darroch akajiuzulu.

Sasa tuulize swali la methali: nani aliyemuua mjumbe? Jibu la haraka ni Trump, nami silikubali. Ibara ya 9 ya mkataba ule ule inampa mwenyeji haki ya kumkataa balozi wakati wowote bila kutoa sababu. Trump hakuitumia haki hiyo. Alitukana, na matusi peke yake hayamwondoi balozi kituoni. Aliyemmaliza Darroch ni ukimya wa mtu aliyetarajiwa kuwa mwajiri wake. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa anayepokea ujumbe tu, kumbe inamfunga hata zaidi aliyetuma. Aliyekutuma kuona hawezi kukukana kwa sababu umeona.

Wapo watakaosema: kosa hana, lakini balozi aliyefungiwa milango ana faida gani? Hoja hiyo ina uzito. Carlos Pascual, balozi wa Marekani nchini Mexico, alijiuzulu Machi 2011 baada ya nyaraka zilizotolewa na WikiLeaks kuonyesha alivyolikosoa jeshi la nchi hiyo, na Rais Felipe Calderón akalalamika hadharani. Lakini nyaraka hizo hizo zilimwanika pia Michael Ranneberger, balozi wa Marekani jijini Nairobi, aliyeandika kwa ukali kuhusu ufisadi wa wakubwa wa Kenya. Serikali ilikasirika, naye akaendelea na kazi hadi 2011. Hasira ya mwenyeji hupoa, au angalau huzoeleka. (Na Wakenya wengi, tuseme ukweli, hawakuona jipya katika aliyoyaandika.)

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Ripoti za Darroch zilivuja kwa sababu mtu aliyezipata aliamua kuzitoa. Balozi akiondoka, mvujishaji amepata alichotaka bila kujulikana, na balozi anayefuata ameshaelewa kinachomngoja akiandika anachokiona. Ataandika kwa woga. Wizara itasoma habari tamu tamu, iamue mambo mazito kwa kuzitegemea.

Kwa hiyo, je, balozi ajiuzulu kwa sababu siri yake ya kazi imevuja? Jibu langu ni hapana. Mwenyeji akimtaka aondoke, na amwondoe yeye mwenyewe, kwa njia ambayo sheria inampa, na gharama ya uamuzi huo aibebe yeye. Simlaumu Darroch, aliona hana mgongo wa kuegemea. Lawama ni ya Johnson, aliyeombwa sentensi moja ya kumtetea mjumbe wa nchi yake akashindwa kuisema.