Mtoto akiparamia mgongo wa mwenye kusujudu

Juzi baada ya darsa la Alasiri mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Anaishi ghorofa ya nne, hapa hapa Kariakoo. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anashinda mbele ya televisheni, maana akikimbia jirani wa chini analalamika, na baba akirudi anataka utulivu aswali. Akaniuliza: "Ustaadh, mtoto huyu nimfunze vipi adabu?"

Niliona haya. Mimi ninayefundisha sira niliwahi kumsukuma binti yangu aliponiparamia kwenye sijda. Akalia swala nzima.

Ndugu msomaji, an-Nasai amepokea kutoka kwa Shaddad bin al-Had kwamba Mtume (saw) alitoka kuswalisha akiwa amembeba Hasan au Husayn. Katika sijda moja akakawia mno, hata maswahaba wakadhani limetokea jambo au wahyi unashuka. Kumbe mjukuu kampanda mgongoni, naye Mtume hakupenda kumharakisha mpaka atosheke. Hiyo ni swala ya jamaa, safu zimejaa nyuma, na mchezo wa mtoto haukukatizwa! Sisi tunaukatiza kwa ajili ya taarifa ya habari.

Wazee wetu walikuwa na ua. Katika nyumba ya Kiswahili mtoto alitambaa ukumbini, akatokea uani, akaanguka, akanyanyuka, bibi akimtazama huku anapepeta mchele. Maghorofa yameumeza ua, na mtoto hatukumpa badala yake. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 kwa siku za kucheza na kuchangamsha viungo. Ni saa tatu hizo, ingawa si lazima zifuatane. Wa mwaka mmoja hata televisheni haifai kuwekewa.

Haki ya jirani nayo ni kubwa, hilo sikumficha yule mama. Nikamwambia alaze godoro sakafuni, vishindo vitapungua. Ampe mito aparamie, boksi tupu asukume, mpira wa soksi apige. Mlango wa roshani aufunge, na jiko na ndoo ya maji aviondoe kabisa. Jioni baba amshushe mtoto viwanja vya Mnazi Mmoja.

"Baba?" akacheka.

Ndiyo, baba. Nikamwomba amwambie mumewe aje tuzungumze. Mpaka naandika haya, hajaja.