Kinga Inayojua Kujizuia

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kanisa ni mwili mmoja wenye viungo vingi. Tukiutazama mwili huo kwa makini, unatusaidia katika swali ambalo sharika zetu hukutana nalo kila mwaka: je, tulinde usafi wa kanisa kwa kumtenga kila aliyeanguka?

Mwili una walinzi wake. Chembe nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana zikitafuta vijidudu vya maradhi. Zikidhoofishwa, kama vinavyofanya virusi vya UKIMWI, hata ugonjwa mdogo huweza kuua. Ulinzi basi ni wa lazima. Lakini walinzi wasio na mipaka nao ni hatari. Katika kisukari cha aina ya kwanza huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, wakidhani ni adui. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa zipo chembe za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza walinzi wenzake. Kumbe kujizuia nako ni sehemu ya kinga.

Jambo hili laonekana zaidi katika mimba. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba, hivyo kwa mwili wa mama yeye ni mgeni kwa sehemu. Mwaka 1953 mwanasayansi Peter Medawar aliuliza: mbona mama hamkatai mtoto, kama mwili unavyokataa figo ya mtu mwingine? Leo yajulikana kwamba kinga ya mama haizimwi, bali hupangwa upya. Chembe za kutuliza huongezeka, na baadhi ya walinzi walio katika tumbo la uzazi husaidia kupanua mishipa ya damu ili mtoto alishwe. Askari wamekuwa walezi.

Nasi je? Binti wa usharika akipata mimba kabla ya ndoa, mara nyingi tunamtenga na Meza ya Bwana, huku kijana aliyehusika akiendelea kuimba kwaya. Hapo tunalinda nini?

Wako watakaosema kwamba tukinyamaza dhambi itaenea. Hoja hiyo ina uzito. Paulo mwenyewe aliagiza mtu mmoja aondolewe Korintho. Lakini katika waraka wa pili, akizungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa, aliwataka wamsamehe na kumfariji, huzuni isije ikamwangamiza. Adhabu ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa kumrudisha.

Basi tuonye, maana ni wajibu wetu. Tuonye faraghani, tuwaonye wote wawili, na anayeonya awe tayari kumsindikiza binti kliniki na kumpokea mtoto siku ya ubatizo. Bwana atujalie macho ya kumtambua adui, tusimpige mtoto wa nyumbani.