Je, Yafaa Kwenda Kutazama Gereza Tupu?

Mwana wa dada yangu anafanya kazi ya useremala huko Cape Town, katika Afrika ya Kusini, ambako watu wengi wa nchi yetu wamekwenda kutafuta maisha. Juzi aliniletea barua. Wenzake wa kazi wamepanga kwenda pamoja, siku moja ya mapumziko, kukitazama kisiwa cha Robben, palipokuwa gereza na ambapo leo ni makumbusho. Naye aniuliza hivi: “Mjomba, je, yafaa kulipa fedha ili kutazama mahali watu walipoteswa? Tena unajua kazi aliyoifanya baba. Nikiingia mle ndani, nisimame upande gani?”

Wapenzi wasomaji, imenipasa kueleza kwanza neno hilo la mwisho. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa mlinzi wa boloko kwa miaka mingi. Alishika funguo. Nyumbani hakuwa mtu mkali. Watoto walimkimbilia jioni alipotokea njiani. Mambo ya kazini hakuyasimulia, wala sisi hatukumwuliza. Mshahara wake ndio uliomsomesha kijana huyu.

Sasa tukitazame kisiwa chenyewe. Ki baharini, kilometa 7 hivi kutoka pwani iliyo karibu nacho, tena si kikubwa: mtu aweza kukizunguka kwa miguu katika nusu ya siku. Tangu miaka ya 1600 wakubwa wa Cape Town walipeleka huko watu ambao hawakutaka kuwaona. Autshumato, mkuu mmoja wa Wakhoi, alipelekwa mwaka 1658, naye akatoroka kwa mashua. Makhanda, nabii wa Waxhosa, alijaribu vilevile akafa maji. Tangu 1846 hata 1931 waliwekwa huko wakoma, na makaburi yao yangaliko. Halafu, katika miaka ya 1960, wakaja wafungwa wa siasa, wale walioipinga serikali iliyowatenga watu kwa rangi ya ngozi. Nelson Mandela alikaa huko tangu 1964 hata 1982, yaani miaka 18 katika ile 27 ya kifungo chake. Wafungwa wa siasa wa mwisho walitoka mwaka 1991, gereza likafungwa 1996, na mwaka uliofuata likafunguliwa kuwa makumbusho.

Mintarafu ya safari, mambo ni mepesi. Tiketi inunuliwe mapema, hasa miezi ya Desemba na Januari, maana wageni ni wengi. Meli huondoka bandarini mwa Cape Town, na kwenda na kurudi huchukua muda wa saa 3 na nusu hivi. Upepo ukivuma kwa nguvu, meli haziendi. Kwa hiyo mtu asichague siku ya mwisho ya mapumziko yake. Achukue koti. Kisiwani wageni huzungushwa kwa basi, kisha huingia gerezani kwa miguu, na kwa miaka mingi waliowaongoza humo ni watu waliofungwa humo wenyewe. Wanasimama mlangoni mwa chumba na kueleza walivyolala.

Hapo ndipo swali la kijana linapoanza kuwa zito. Katika katekisimu tumejifunza kwamba kuwatembelea wafungwa ni tendo la huruma. Lakini huko hakuna mfungwa tena. Anayekwenda leo hampelekei mtu chakula wala faraja. Je, anakwenda kumtembelea nani?

Nyumba ya nyasi ikishika moto kijijini, wako wanaokimbia na maji, na wako wanaokimbia na macho tu. Hawa wa pili twawachukia, na ni haki. Lakini kesho yake, majivu yakiisha kupoa, huja mtu mwingine. Maji hayafai tena. Yeye huinama, hutafuta cheche ilitokea jiko gani na iliruka vipi, kwa sababu na paa lake ni la nyasi. Huyo simlaumu. Naona ndiye mgeni wa kweli wa gereza tupu, nami namtaka mwana wa dada yangu aende kama yeye.

Basi, ikiwa ni hivyo, atafute nini katika majivu yale? Wengi huenda kukitazama chumba cha Mandela, chumba kidogo ambacho urefu wake aliumaliza kwa hatua tatu. Ni vema wakitazame. Lakini mimi ningemwomba akae zaidi mbele ya orodha ya chakula. Wafungwa wale walikuwa na kosa moja na kifungo kimoja, lakini walipewa chakula mbalimbali kwa rangi. Wahindi na machotara walipata mkate, Waafrika hawakupata. Wahindi na machotara walipata jemu kidogo. Waafrika, hata kidogo hawakupata. Sukari na nyama za Mwafrika zilikuwa pungufu kidogo. Hata nguo zilikuwa hivyo: Ahmed Kathrada, aliye wa ukoo wa Kihindi, alipewa suruali ndefu, na Mandela aliyehukumiwa pamoja naye akapewa kaptula, kama mtoto.

Fikirini sana juu ya sukari ile. Kumpiga mtu kwa hasira, hilo twalielewa, maana hasira twaijua sote. Lakini hapa hakuna hasira. Karani fulani alikaa mezani, akapiga mistari, akapima nyama na sukari, akaandika kwa mwandiko mzuri, kisha akarudi nyumbani kula na watoto wake. Pengine hakumpiga mtu maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika orodha za kugawa unga na chumvi, na ninajua jinsi kalamu inavyokwenda upesi tukiisha kuzoea.

Hiyo ndiyo cheche. Nasi wageni hatupendi kuitafuta, kwa sababu kila aingiaye gerezani hujiona amekaa upande wa mfungwa. Humwonea huruma, hutokwa machozi, hutoka akijiona mwema. Nani anayeingia mle akajifikiria ameshika ufunguo? Kijana wangu peke yake hawezi kukwepa, kwa ajili ya baba yake. Anadhani hiyo ni aibu inayomzuia kwenda. Nami naona kinyume: katika kundi lake lote, yeye ndiye aliyekwisha kufunga mizigo ya safari.

Na ajue pia kwamba ufunguo ule haukufanya kazi ya namna moja katika kila mkono. Mwaka 1978 alifika kisiwani mlinzi mmoja, Christo Brand, kijana asiyetimiza bado miaka 20. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba siku moja mke wa Mandela alikuja na mjukuu mchanga, jambo lililokatazwa, naye Brand akamchukua mtoto kwa siri akampa babu yake amshike kwa muda mfupi. Gereza halikufunguka kwa sababu hiyo. Jioni alifunga mlango kama kawaida. Sisemi kwamba mtoto yule alifuta mlango ule, wala kwamba mlango ulimfuta mtoto. Vyote viwili vilifanywa na mkono mmoja.

Neno jingine la adabu. Wageni wengine humwuliza yule mzee anayewaongoza: “Je, umesamehe?” Nimemwandikia kijana asiliulize. Msamaha wa mtu haumo ndani ya bei ya tiketi. Mzee akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, mgeni anyamaze naye.

Kuna machimbo ya chokaa kisiwani, ambako wafungwa walivunja mawe miaka mingi, na mwangaza wa chokaa nyeupe ukawaharibu macho. Mwaka 1995 wale waliofungwa walirudi huko kwa hiari yao wapate elfu na zaidi. Mandela akaokota jiwe akaliweka chini. Wenzake wakafuata, kila mmoja na jiwe lake, hata likawa fungu. Fungu hilo liko hata leo pale machimboni. Hawakulichonga wala kuliandika kitu. Nimemwomba alitazame.

Nimemjibu basi kwamba yafaa aende. Lakini kabla ya kununua tiketi ampigie baba yake simu, amwambie mahali anapokwenda, kisha asiharakishe kukata. Mzee ana miaka yake, na tangu aache kazi hakuna aliyemwuliza funguo zile zilikuwa na uzito gani. Dada yangu ameniambia kwamba simu ilikuja Jumapili baada ya Misa, na kwamba shemeji aliichukua akatoka nayo nje, akaketi chini ya mwembe mpaka giza likaingia.