Siku za Mbalamwezi na Haki ya Kitu Kidogo

Katika mwalo wa Katonga, kama ilivyo kwa jirani zao wa Kibirizi na mialo mingine ya Kigoma, kazi huendeshwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, na taa hizo hazifui dafu mwezi unapokuwa mpevu: mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo wavuvi wengi hawaingii majini. Nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa nyufa, bao huchezwa. Mwaka 2024 Serikali nayo ilileta pumziko la aina yake ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nayataja haya kwa sababu mjadala wa muda wa ziada kwetu huanza vibaya, kana kwamba muda huo ni mali ya wenye mishahara na viti vya kuzunguka, na mvuvi hana. Anao. Swali ni la dini kabla halijawa la uchumi. Mtu mwenye siku hizo mkononi akizitumia kupiga picha miguu ya panzi kwa lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, au kuranda kipande cha mninga nyumbani mpaka kiwe mwiko asiouhitaji, atajibu nini siku ya Kiyama atakapoulizwa umri wake aliumalizia wapi?

Jibu jepesi ni kwamba hatakuwa na la kusema. Taifa hili lililelewa na wito wa Uhuru na Kazi, likapitia Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliyowasaka wazururaji mijini, na mwaka 2015 likaimba Hapa Kazi Tu. Waumini nao wana hoja nzito. Sura ya Al-Mu'minun katika Kurani inawasifu wanaojiepusha na upuuzi, na mimbari za Kikristo hazijawahi kuchoka kukemea uvivu. Sizibezi hoja hizi. Tatizo lake ni kwamba zinachukulia kuwa limekwisha kuthibitishwa jambo ambalo bado, yaani kwamba kisichoingiza kitu ni upuuzi. Mimi nashika upande mwingine: kumtazama kiumbe mdogo, au kuhangaika na ubao, bila kutaka chochote kutoka kwake, ni njia mojawapo ya kukipa kitu haki yake, na kazi ya kila siku, pamoja na heshima yake yote, ni mara chache itupe nafasi hiyo.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, katika karne ya 17. Wafanyabiashara wa nguo walitumia lenzi kuhesabu nyuzi ili wapime ubora wa kitambaa. Lenzi ya dukani ilikuwa na swali moja tu, la bei, na ilijibu hilo hilo. Leeuwenhoek alijitengenezea lenzi zake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, na mwaka 1674 akayaweka chini yake maji ya ziwa la Berkelse Mere. Humo aliona viumbe hai wadogo wakienda huku na huko katika maji ambayo watu walikuwa wameyazoea vizazi na vizazi. Najua msomaji atakimbilia kusema kwamba elimu ya vijidudu ilikuja kuokoa mamilioni ya watu. Ni kweli, lakini sitaki kuutumia utetezi huo. Anayeitetea burudani kwa faida itakayokuja baadaye amekwisha kukubali mizani ya duka. Ninachodai ni kidogo zaidi: mtu yule yule, na macho yale yale, swali la bei lilipoondoka, aliona zaidi.

Ushahidi wa pili uko ziwani kwetu. Mwaloni dagaa hupimwa kwa ndoo na gunia, na aliyeshika ndoo hamwoni dagaa mmoja. Si kosa lake, ndivyo kazi inavyomtaka. Lakini Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mmoja wao wataalamu humwita Lamprologus callipterus. Dume lake huokota kwa mdomo nyumba tupu za konokono, moja baada ya nyingine, akazirundika kama posa. Jike huingia ndani ya mojawapo, akataga mayai humo. Dume hawezi kuingia, kwa kuwa uzito wake kwa wastani unapita wa jike zaidi ya mara 12. Kwenye sufuria kisa hiki hakina thamani. Waliokifuatilia kwa mapenzi ni watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa mapambo waliosafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura, na ambao walikuwa na kitabu kizima cha Pierre Brichard juu ya samaki wa ziwa hili tangu mwaka 1978. Inatia haya kidogo kwamba jirani wa samaki huyo amjue kupitia mtu wa Hamburg.

Kuna jambo linalozifanya burudani hizi mbili, ya lenzi na ya randa, zifanane kuliko zinavyoonekana. Ukipiga picha ya mdudu kwa ukubwa wake halisi, sehemu inayotokea wazi ina unene wa milimita moja hivi, pengine pungufu. Ukipumua vibaya, jicho limefifia na ulichopata ni bega. Mbao nayo, ukiiranda kinyume cha nyuzi zake, hunyanyuka na kuchanika, na mninga una tabia ya nyuzi zinazogeuka njiani, hivyo mkono uliokuwa sahihi shibiri moja nyuma unakuwa na makosa hapa. Pande zote mbili anayeamrisha si binadamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa hili katika sehemu ya tafakuri ya kitabu chake Ihya, pale alipomchukua mbu na kuonyesha kwamba amepewa umbo la tembo, mkonga ukiwemo, katika mwili usiofikia ncha ya kidole. Hakuwa na lenzi. Alikuwa na subira, na aliihesabu subira hiyo kuwa ibada. Wala hakuwa mpweke: Kurani ina sura zilizopewa majina ya nyuki, mdudu chungu na buibui.

Atatokea wa kusema kwamba picha ya kiumbe hai ina utata katika Uislamu, na Ujiji, hapa hapa Kigoma, ni mji wa Waislamu wa siku nyingi. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, alijibu kwamba kamera haiumbi kitu wala haishindani na Muumba. Hukishika tu kivuli ambacho kioo nacho kingekionyesha. Wapo wanazuoni wasiomkubali mpaka leo, na mwenye kujizuia kwa sababu hiyo simlaumu. Mwingine atasema manabii waliokuwa maseremala, Zakariya kwa mujibu wa hadithi aliyoipokea Imam Muslim na Yesu kwa Injili ya Marko, waliranda kwa ajili ya riziki. Hapo nakubali moja kwa moja. Heshima ya useremala wao haiwezi kuazimwa na anayechonga kujifurahisha. Ila aliyewahi kushinda mchana mzima akizifikisha mbao mbili zikutane bila mwanya atalipa bei ya fundi kwa moyo mwepesi zaidi.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la msitu. Miombo ya mkoa wa Kigoma inaliwa na mkaa na mashamba, na mninga ni mti unaokua polepole. Kuuangusha ili mtu apate kujifurahisha ni kukinyima haki kitu kilekile ninachodai tunakipa haki. Sina njia ya kulipunguzia makali. Naweza tu kusema kwamba mabaki ya mbao kwa mafundi wa mitumbwi na wa samani huishia jikoni, na mwembe mzee ulioangushwa na upepo unafaa vizuri kwa miko na mabakuli. Anayevuka hapo na kununua ubao mpya wa mninga kwa mchezo, hoja yangu haimsaidii. Haimsaidii pia anayepiga picha za vipepeo kwa kuhesabu watakaozisifia, kwani amerudisha bei kwa mlango wa nyuma. Vipi kuhusu kuuza? Jirani akikipenda kigoda na kutoa fedha, zipokelewe, hakuna dhambi. Lakini mchongaji akianza kuchagua kipande kwa kumfikiria mnunuzi, amekwisha kuingia kazini. Ni kazi halali, na itahukumiwa kwa kanuni za kazi: je, bei ni ya haki, na je, miguu ya kigoda imeshika?