Kabla Fundi Hajakaa Cherehani

Hapa Kasongo na Kabambare, anayesukuma baiskeli ya mawese au kulima mpunga, mwili wake una kazi tayari. Leo namwaza fundi nguo anayeinamia cherehani kutwa nzima, mwalimu mwenye rundo la madaftari, karani wa ofisi. Jioni wakisimama, viuno vimekaza.

Yanayoweza kuwafaa ni mazoezi ya huko China yaitwayo baduanjin, miendo minane iliyojulikana tangu enzi ya Song, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hayataki uwanja wala viatu. Unasimama, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea. Unainua mikono miwili kama anayeibeba mbingu, pumzi ikiingia. Unaishusha, pumzi ikitoka. Kisha unavuta upinde usioonekana, kushoto na kulia. Wawindaji wa kwetu wangeutambua mwendo huo mara moja. Mwisho unanyanyua visigino na kuviachia vigonge ardhi, mara saba.

Upole wake usikudanganye. Ukienda polepole, mapaja hubeba uzito muda mrefu zaidi, na miguu hujifunza kutoyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Dakika 20 kila siku baada ya sala ya alfajiri zinakusogeza karibu na hapo. Mwenye goti linalouma asichuchumae sana, na mwenye kizunguzungu ashike ukuta.

Chai bado haijachemka. Sogeza kiti, tuanze na mikono.