Lango Lililo Mikononi Mwenu

Wanangu mnaovua kutoka Sena, Takawiri na fuo zote za Mfangano, nisikilizeni. Nimechoka kuyarudia maneno haya, lakini uchovu haujanipa ruhusa ya kunyamaza. Kila tukikutana ufuoni nasikia lawama ile ile, kwamba samaki wamekwisha kwa sababu ya maji. Maji yakishuka, kosa ni la Jinja. Yakipanda, kosa ni la mvua. Yakigeuka kijani, kosa ni la wanaolima na kumwaga taka huko juu mitoni. Katika lawama hizo mna ukweli, nami nitaanza na ukweli huo msije mkasema mzee hataki kusikia.

Ziwa letu la Victoria lina mlango mmoja wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, Nile inapoanza safari yake. Tangu 1954 mlango huo una bwawa la umeme, Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, na baadaye likaongezwa la Kiira. Mapatano ya tangu enzi za ukoloni yalikuwa kwamba maji yaachiliwe kwa kadiri ile ile ambayo mto ungeyatoa wenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya mita moja katika miaka michache. Waliochunguza walisema ukame ulichangia, na maji yaliyofunguliwa Jinja kupita kipimo yalichangia pia. Kisha Mei 2020 maji yakapanda hadi kuipita rekodi ya 1964, yakafunika fuo na kuingia majumbani mwa watu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, na maji mengi yanayoingia humo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kwa hiyo ni kweli, anayeyafungulia maji na kuyazuia si ninyi.

Sasa nami nijibuni. Maji yalipojaa yakaingia kwenye mafunjo na kuwapa vifaranga wa samaki mahali pa kujificha, ni nani aliyeburuta kokoro pale pale? Hakutoka Jinja. Nyavu za nailoni ya uzi mmoja, ambazo sheria inazikataza na ambazo zikikatika hubaki zikiua chini ya maji bila mwenyewe, hazikuletwa na mvua.

Jinja wana lango lao. Ninyi nanyi mna lango lenu, nalo ni tundu la wavu. Kupitia tundu hilo mnaamua ni samaki yupi apite na yupi abaki. Mbuta, yaani sangara, akiwa dume huanza kupevuka akifika kama sentimita 50, na jike huchelewa zaidi. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Ndiyo maana kipimo tulichokubaliana na majirani zetu wa Uganda na Tanzania kilikuwa sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya hapo hajazaa, na aliye juu ya hapo ndiye mama wa ziwa. Ndiyo maana pia sheria yetu inataka wavu wa makila wenye tundu lisilopungua inchi 5. Kipimo hicho kinalinda uzazi, na bila uzazi hakuna uvuvi wa kurithi.

Lakini tazameni tunavyofanya. Kibofu cha hewa cha mbuta, lile bondo linalosafirishwa hadi China, kimepanda bei kuliko nyama yake, na sasa mama anawindwa kwa ajili ya bondo. Mtoto naye anachotwa kwa nyavu ndogo na kuuzwa kwa bei ya kitoweo. Mama na mtoto wakiondoka pamoja, nani atabaki kuwalisha wajukuu zangu?

Msidhani ziwa halijawahi kutunyang'anya kitu. Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliletwa humu miaka ya 1950. Kabla yake palikuwa na ngege, na palikuwa na fulu wa mamia ya aina. Ngege alikuwa amekwisha kupungua kwa nyavu zetu, na mbuta alipoenea miaka ya 1980 aliwala fulu, aina nyingi zikapotea kabisa. Viwanda vikafunguliwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na wengi wetu tukabaki na mifupa iitwayo mgongowazi. Mwaka 1999 Ulaya ikatufungia soko kwa sababu kuna waliovua kwa sumu. Ngege alipopungua tulisema mbuta atatosha. Mbuta anapopungua mnasema omena atatosha. Baada ya omena mtasema nini?

Najua majibu yenu. Karo ya shule haingoji, mafuta ya injini yamepanda, na mwenye mashua anataka hesabu yake kila asubuhi. Yote hayo ni kweli. Lakini anayevua mbuta asiyefika kipimo leo hajapata karo. Ameikopa kwa mwanawe mwenyewe, na deni hilo halisamehewi. Ndilo linalowasukuma vijana wa Migori na wa kwetu mbali zaidi kila mwaka, hadi Migingo na maji ya ugenini, ambako hukamatwa na kunyang'anywa injini.

Huko Marekani watu huvua samaki waitwao bass kwa mchezo, mara nyingi katika mabwawa ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa amri ya wengine. Mvuvi hawezi kuamuru maji, hivyo hubeba rula, hupima samaki wake, na asiyefika kipimo humrudisha. Ikiwa anayevua kwa starehe anaweza, sisi tunaoishi kwa samaki tuna sababu kubwa zaidi.

Basi fanyeni haya. Pimeni nyavu zenu kabla ya kuja kupimiwa. Msimu wa omena ukifungwa Aprili hadi Julai, usifungwe kwa karatasi tu. Nendeni kwenye mikutano ya BMU, maana kamati ya ufuo ni yenu, na asiyehudhuria huchaguliwa viongozi na wenye makokoro. Andikeni kina cha maji na uzito wa samaki kila wiki, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha ipelekeeni daftari hiyo Tume ya Bonde la Ziwa Victoria pale Kisumu, na shirika la uvuvi la ziwa lililo Jinja. Kusema husaidia. Tuta lililoziba maji ya Mbita baina ya Rusinga na bara lililalamikiwa miaka na miaka, na mwaka 2017 daraja likafunguliwa na maji yakapata njia.

Daini maji yasimamiwe kwa haki. Nami nitadai pamoja nanyi maadamu nina pumzi. Lakini siku ya kudai, tusimame tukiwa na nyavu halali, asije mtu akatufunga vinywa kwa kutuonyesha samaki wachanga walio ndani ya mashua zetu.