Sifa na Stahili

Katika kazi ya watu wengi, sifa hukimbilia wachache. Vita husimuliwa kwa jina la jemadari, na jumba huitwa kwa jina la tajiri, wala si la mwashi. Yamkini hali hii haiepukiki, maana kumbukumbu ya mwanadamu ni chombo kidogo. Lakini udogo wa chombo haufuti swali la haki: asiyetajwa anawadai nini wale walionufaika kwa kazi yake?

Mfano mwema wa swali hili ni Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1902 na kufariki mwaka 1969. Hakuwa malkia wa sinema. Katika Miracle on 34th Street, filamu ya mwaka 1947, alikuwa mama aliyechoka kutafuta kichezeo cha mwanawe, na jina lake halikuandikwa miongoni mwa waigizaji. Katika All About Eve, ya mwaka 1950, alikuwa mtumishi Birdie, wa kwanza kuushuku unafiki wa Eve wakati wakubwa wake wamekwisha kupumbazwa. Mara sita, kwa filamu za kati ya 1950 na 1962, aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Mara sita tuzo ilikwenda kwa wengine. Mwaka 1955 aliigiza katika televisheni mama wa tamthilia The Catered Affair. Filamu yake ilipotoka mwaka 1956, nafasi ile alikuwa nayo Bette Davis, mwenye jina kubwa.

Wako wasemao kwamba hapana dhuluma hapa, kwani mtazamaji hulipa ili amwone nyota, na msaidizi alipata mshahara wake. Hiyo ni kweli ya sokoni. Mshahara hulipa siku za kazi. Haulipi deni la kutambuliwa. Figa moja haliinjiki chungu, na mlaji asifuye figa moja hajasema kweli yote. Wengine husema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hivyo kunyimwa sifa ni kuhifadhiwa. Lakini unyenyekevu ni hiari ya mtenda kazi. Si ruhusa ya mdaiwa kutolipa.

Katika Pickup on South Street, ya mwaka 1953, Ritter alikuwa Moe, mchuuzi wa tai aliyewauzia polisi habari za wezi, akiweka akiba ili asizikwe katika makaburi ya mafukara. Jasusi mwenye bastola alipotaka kujua makao ya kijana mmoja, Moe alikataa kuyauza, akauawa. Nafasi yake katika hadithi ni ndogo, lakini uzito wa tendo haupimwi kwa upana wa nafasi. Basi deni la mtazamaji ni jepesi, na kwa wepesi wake halina udhuru: aulize jina la aliyemliza, alikumbuke, na alitaje panapotajwa wakubwa.